Tumeshinda ruzuku ya jiji, lakini fedha zinakuja baada ya kazi. Tukope?

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mdogo wangu tuna karakana ndogo ya vikaragosi. Tunachonga vichwa, tunashona nguo, tunaunda vidude vya kuchezesha macho na midomo, halafu wikiendi tunafanya maonyesho shuleni, maktaba na kwenye sherehe za watoto. Biashara imesajiliwa kwa jina langu. Mdogo wangu ni mshirika bila karatasi. Kazi hii haitutajirishi, ila inatulisha.

Mwaka huu idara ya utamaduni ya jiji letu ilitangaza ruzuku kwa wasanii na biashara ndogo za ubunifu. Tukaomba. Andiko letu lilihusu onyesho jipya litakalozunguka mitaa 12 isiyo na ukumbi wowote, bila kiingilio, pamoja na warsha za kuwafundisha watoto kutengeneza vikaragosi vyao. Tumeshinda! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Furaha ilikatika nilipousoma mkataba. Jiji litatoa asilimia 60 ya bajeti, sisi 40. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni kwamba fedha zao haziji mwanzoni. Kifungu cha malipo kinasema: "Malipo yatafanyika ndani ya siku 60 baada ya mpokeaji kuwasilisha taarifa ya mwisho iliyokamilika pamoja na stakabadhi zote." Yaani tununue vifaa, tukodi gari, tuwalipe watu, tumalize mitaa yote 12, tuandike taarifa, kisha tukae tukisubiri. Akiba yetu inakaribia robo ya bajeti, haizidi hapo.

Mume wangu anasema tukope benki, tuweke mashine za karakana dhamana, kwa sababu jiji ni mlipaji wa uhakika. Mdogo wangu ana lake: seremala atakayetutengenezea jukwaa ni rafiki yake, yuko tayari kuandika ankara kubwa kuliko kazi yenyewe, ili kwenye karatasi ionekane tumechangia 40 zetu. Na juu ya hayo, kijana aliyetusaidia kuandika andiko anadai asilimia 15 ya ruzuku. Mdogo wangu alimwahidi kwa mdomo, na kijana anazitaka sasa.

Mwisho wa kusaini ni wiki ijayo. Nisaini? Nikope? Au niwaambie wampe mwingine?

Mama Vikaragosi

—

Marahaba, binti yangu, na hongera sana. Usiuchukulie ushindi huu kuwa mdogo. Nimekaa kwenye kamati za uteuzi na ninajua maandiko mazuri yanavyoachwa kwa sababu tu fungu limekwisha. Mliochaguliwa mmeshatetewa mbele ya wengine, barua imeshatoka, na hakuna ofisa anayependa kuanza upya kumtafuta mpokeaji mwingine. Hiyo ndiyo nguvu uliyo nayo wiki hii. Itumie kabla ya kusaini, maana ukishasaini huna tena.

Kwa hiyo usiusaini mkataba ulivyo, usikope, na wala usiirudishe ruzuku. Andika barua. Nitakuambia iseme nini, ila kwanza tupige hesabu, kwa sababu naona nyumbani kwenu kila mtu ana maoni na hakuna aliyeshika kalamu.

Bajeti yenu yote iite 100. Jiji 60, ninyi 40. Ruzuku nyingi za namna hii huruhusu sehemu ya mchango wa mwombaji isiwe fedha taslimu: ukumbi mliopewa bure, saa za watu wanaojitolea, taa mlizoazimwa. Tuseme mkataba wenu unaruhusu nusu ya mchango, yaani 20. Zinabaki 20 za kutoa mfukoni. Waombaji wengi huishia hapo, wakaridhika. Wanasahau kwamba jiji likilipa mwisho, zile 60 zake nazo zinatoka kwenu kwanza. Mnachohitaji taslimu ni 80, na mnacho kama 25. Pengo lenu ni 55, linakaribia ruzuku yenyewe. Kwa mkataba huu ninyi ndio mnaolikopesha jiji, tena bila riba.

Weka na kalenda mezani. Mwezi mmoja wa kununua sponji, vitambaa na mbao. Miwili ya kutengeneza na kufanya mazoezi. Mitaa 12, mtaa mmoja kila wikiendi, ni miezi mitatu kama gari halikuharibika. Mwezi wa kuandika taarifa. Kisha siku 60, na hizo hazihesabiwi tangu siku unapopeleka bahasha. Zinahesabiwa tangu taarifa inapokubaliwa kwamba haina pengo. Risiti moja ya mafuta iliyofifia, saini moja ya mwalimu mkuu iliyosahaulika, taarifa inarudi kwako na siku zinaanza upya. Bila kikwazo chochote hiyo ni miezi tisa tangu mnunue sponji ya kwanza.

Sasa mrudie mumeo na mkopo wake. Hajakosea kusema kwamba jiji hulipa. Ila benki itaanza kudai mwezi ujao, na jiji litalipa baada ya miezi tisa. Ukikopa hizo 55 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba ya miezi tisa peke yake inakaribia 10. Hizo 10 hazimo kwenye bajeti, na ruzuku za umma kwa kawaida hazilipi riba ya mkopo wa kuendeshea mradi. Zitatoka kwenye maonyesho yenu ya sherehe za watoto, yaani kwenye chakula chenu. Halafu dhamana ni mashine za karakana! Zikichukuliwa mradi ukiwa katikati, hakuna onyesho. Bila onyesho hakuna taarifa. Bila taarifa jiji halina cha kulipia. Mwambie kwa upole, maana nia yake ni njema.

Kama kuna mkopo wa kufikiriwa, ni ule uliobuniwa kwa tatizo hili hili. New York, kwa mfano, kuna mfuko unaoyapa mikopo isiyo na riba mashirika yasiyo ya faida yanayosubiri malipo ya mikataba yao na jiji. Uliza kama jiji lenu lina kitu cha aina hiyo na kama kinahusu biashara binafsi, maana mara nyingi milango hii hufunguliwa kwa mashirika pekee.

Barua sasa. Iwe fupi, isizidi ukurasa, na usilie shida ndani yake. Maofisa wa utamaduni husoma habari za wasanii wasio na fedha kutwa nzima, na habari hizo huwafanya wajiulize kama mradi utakamilika. Waonyeshe mpango. Kitu kama hiki:

"Tunashukuru kwa kuchaguliwa na tuko tayari kuanza. Tumepitia kifungu cha malipo. Kwa biashara ya ukubwa wetu, kugharamia mradi mzima kabla ya malipo ya kwanza kungechelewesha maonyesho. Tunaomba ruzuku ilipwe kwa awamu tatu: asilimia 40 baada ya kusaini, asilimia 40 baada ya mitaa sita na kuwasilisha stakabadhi za awamu ya kwanza, na asilimia 20 baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa. Ratiba ya matumizi imeambatanishwa. Tunaomba pia siku ya kusaini isogezwe mpaka tutakapopata jibu lenu."

Angalia inavyobadilisha hesabu. Awamu ya kwanza ni 24 kati ya zile 60 za jiji. Ukijumlisha na akiba yenu mna karibu 49, na hizo zinawafikisha katikati ya mradi. Awamu ya pili inaleta 24 nyingine. Kinachobaki kusubiri mwisho ni kidogo, na nitakuambia baadaye kiwe malipo ya nani.

Usimchukie ofisa kwa kifungu kile. Fedha anazogawa zina wenyewe. San Francisco, tangu mwaka 1961, imekuwa ikitenga kwa ajili ya sanaa sehemu ya kodi inayotozwa wageni wa hoteli. Kwingine fungu linatoka kwenye bajeti ya kawaida ya jiji, linagombewa na barabara na mitaro. Anayeligawa lazima siku moja amweleze mkaguzi kila senti ilikwenda wapi, na kwake njia nyepesi ya kujilinda ni kulipa baada ya kuona risiti. Lakini malipo ya awali si kitu kigeni kwenye mikataba ya umma. Wajenzi na wazabuni huyaomba bila kuona haya. Ni sisi watu wa sanaa tunaopokea mkataba kama tunapokea zawadi, tunasaini kwa mikono miwili.

Wakikataa awamu, una ombi la pili: mradi upungue. Mitaa 12 iwe sita, bajeti ishuke, kwa marekebisho ya maandishi yaliyosainiwa na pande zote. Usikubali kuambiwa kwenye simu "fanyeni mnavyoweza". Mkaguzi hasomi simu. Wakikataa na hilo pia, basi washukuru uwaombe muahirishwe hadi mzunguko ujao, mkusanye akiba. Mpokeaji aliyejiondoa mapema na kwa adabu anarudi akapokewa. Aliyechukua akashindwa kumaliza hupata shida sana kurudi.

Mdogo wako sasa, na nataka aya hii aisome mwenyewe.

Mwanangu, ankara ya uongo hailifanyi pengo kuwa dogo. Inamfanya mtu mwingine alilipe. Ukiandika bajeti ni 100 ilhali kazi imegharimu 85, jiji lilipaswa kulipa asilimia 60 ya 85, yaani 51. Litalipa 60. Hizo 9 za juu umezichukua kwa hati ya uongo, na hati hiyo ina jina la dada yako kama mwenye biashara na jina la rafiki yako kama mtoa ankara. Wakaguzi wa ruzuku wana mazoea ya kuchagua risiti chache na kumpigia simu muuzaji, tena hupenda zile za mafundi binafsi kwa sababu huandikwa kwa mkono, hazitoki kwenye mashine ya risiti. Mkikamatwa mtadaiwa kurudisha ruzuku, mtafungiwa milango ya fedha za jiji, na yanaweza kufika mahakamani.

Tena kuna njia halali iliyo jirani kabisa. Kama seremala anataka kuwasaidia, aandike bei yake ya kawaida, ile anayomtoza mteja yeyote, aonyeshe punguzo alilowapa, mlipe kilichobaki. Pale mkataba unaporuhusu mchango usio wa fedha, punguzo hilo ni mchango wa kweli. Ukumbi wa maktaba mnaofanyia mazoezi: pateni barua ya mkuu wa maktaba inayotaja siku, saa, na kiasi ambacho mtu mwingine angelipa. Watu wanaojitolea: kila mmoja aandike tarehe, saa, kazi aliyofanya, na asaini siku hiyo hiyo. Siyo mwishoni, wote kwa kalamu moja. Karatasi za namna hiyo hujulikana hata kabla hazijasomwa. Thamani ya saa zao iwe ile inayolipwa kwa kazi ya aina hiyo sokoni. Anayebeba mbao anahesabiwa kama mbeba mbao, hata kama kazini kwake ni mhandisi. Na mchango uliokwisha kuutumia kwenye ruzuku nyingine huruhusiwi kuutumia tena hapa.

Wala msidhani jiji lenu limewapunja kwa kudai 40. National Endowment for the Arts, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1965, kwa kawaida huyataka mashirika yanayopokea ruzuku zake yachangie angalau sawa kwa sawa.

Kuna jambo hamkuniuliza, nami sitaliacha. Umenitajia vifaa, gari, na watu wa kulipwa. Mbona ninyi wawili siwaoni popote? Nani analipwa kwa kuchonga vichwa? Nani analipwa kwa wiki za mazoezi? Nina wasiwasi mmejiandikia sifuri, kama wafanyavyo wasanii wengi wakitaka bajeti ionekane nyembamba mbele ya kamati.

Mwaka 1966 wanauchumi wawili, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini sanaa za jukwaani huwa hazijilipi zenyewe. Kiwandani mashine mpya huwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya kumi. Jukwaani kazi ya wapiga muziki wanne bado inataka wanne, na dakika zile zile. Kwenye fani yenu ndiyo kabisa. Katika bunraku ya Wajapani kikaragosi kimoja kikubwa huchezeshwa na watu watatu: mmoja kichwa na mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Hakuna ujanja wa kuwafanya wawe mmoja. Mishahara ya mji mzima ikipanda, gharama ya mikono hiyo inapanda nayo, na ndiyo sababu mojawapo ya fedha za umma kuingia kwenye sanaa tangu mwanzo. Jiji linalipia mikono. Ukiiondoa kwenye bajeti, umefuta kile hasa ruzuku ilichokuja kukilipia.

Kwa hiyo kwenye bajeti iliyorekebishwa andika ujira wenu, kwa saa, kwa kiwango mnachotoza mnapoalikwa. Programu nyingi huruhusu mmiliki alipwe kwa kazi ya mradi, ilimradi awe na karatasi za saa kama watu wengine. Kama mkataba wenu hauruhusu, uliza kama saa zenu zinaweza kuhesabiwa kama mchango. Ni moja kati ya mawili. Saa hiyo hiyo huwezi kulipwa na pia kuichangia. Mkiruhusiwa kulipwa, basi asilimia 20 ya mwisho iwe ndiyo ujira wenu. Dereva na seremala walipwe kwa wakati. Mtakaosubiri ni ninyi, na mtasubiri kitu mnachokijua.

Kijana wa andiko. Ahadi ni deni, sikatai, lakini deni hilo halilipwi kwa fedha za jiji. Gharama za kuandika ombi zimetokea kabla ya mkataba kuanza, na ruzuku kwa kawaida hailipi kilichotangulia. Asilimia nayo ina ubaya wake: inamfanya mwandishi atamani bajeti kubwa kuliko kazi. Vyama vya wachangishaji fedha, kama Association of Fundraising Professionals, vimeipiga marufuku kwenye kanuni zao za maadili. Hata hivyo alifanya kazi, na kazi yake imezaa matunda. Muiteni, mwambieni wazi, muulizeni alitumia saa ngapi, mkubaliane kiasi maalumu, mkiandike, mkilipe kidogo kidogo kutoka kwenye mapato yenu ya kawaida. Akikataa na kutishia kwenda kwa ofisa, mwacheni aende. Hana cha kumwambia ofisa zaidi ya kwamba alitaka fungu la fedha za umma. Halafu mdogo wako asiahidi tena jambo linalohusu biashara iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Hilo linanifikisha kwenye usajili. Akilipwa kutoka kwenye ruzuku ilhali hana karatasi, mkaguzi atauliza ni mfanyakazi, mkandarasi au nani. Andikeni makubaliano ya ushirika kabla ya kusaini na jiji. Kurasa mbili zinatosha: nani anamiliki nini, faida inagawanywaje, nani ana saini benki. Fungueni akaunti ya mradi peke yake, isichanganyike na fedha za sherehe. Na muulizeni mhasibu kuhusu kodi mapema, kwa sababu katika nchi nyingi, Marekani na Uingereza zikiwemo, ruzuku inayopewa biashara kwa kawaida huhesabiwa kama mapato. Nimewaona watu waliotumia yote mpaka senti ya mwisho kwa uaminifu mkubwa, kisha hati ya kodi ikawafikia.

Barua itume leo kwa baruapepe, na kesho asubuhi piga simu kuuliza kama imefika. Jibu likija, niandikie, hasa kama watakubali awamu na kwa asilimia gani. Nina barua nyingine mbili mezani zenye kifungu kile kile.

Shangazi